Farasi Asiye na Kichwa

Picha ya Neville Tibbett ilipotokea ukutani Jumanne ile, watu wote ukumbini walijua ni yake, na wote wakajifanya hawajui. Ndiyo sheria ya Klabu ya Kamera ya Cape Merrin: picha haina jina, mwenyewe hasemi, na jirani yake haruhusiwi hata kumtupia jicho. Kwa hiyo watu walikunja mikono wakatazama mbele kama wako kanisani, na Neville, katikati ya safu ya pili, aliikunja ya kwake kuliko wote.

Picha ilimwonyesha fundi wa viatu vya farasi, mgongo umepinda, kwato kaibana mapajani, misumari kaishika kwa midomo. Mwanga ulikuwa mzuri na mikono ya fundi ilionekana mpaka nyufa zake. Kosa lilikuwa moja tu: farasi hakuwa na kichwa. Shingo ilianza vizuri, ikaelekea kushoto, ikafika ukingoni mwa picha ikakatika, na kichwa kikabaki hukohuko kilikobaki.

Glenys, mkewe, aliiona kupitia dirisha la jikoni la ukumbi, alikokuwa akipanga skonzi na kusubiri maji yachemke. Yeye si mwanachama. Huja kwa sababu tangazo la klabu husema kila mtu aje na sahani, yaani sahani yenye chakula, na huko Tasmania anayeleta sahani tupu ni mgeni, naye hufanya kosa hilo mara moja tu. Neville hajui kuoka hata mkate. Basi Glenys huja na sahani, na akiisha kuipanga husimama pale dirishani akiangalia picha za watu, bila kuulizwa maoni yake na yeyote.

Sasa, katika klabu hiyo maoni yana utaratibu wake. Barrie Holcombe, mwenyekiti, mfamasia mstaafu mwenye sauti ya kubembeleza, ndiye aliyeleta mambo ya sandwichi. Ukimsema mwenzio picha yake, unaanza na sifa, kosa unaliweka katikati, kisha unafunika kwa sifa nyingine. Nia ilikuwa njema, maana zamani watu walikuwa wakitoka mikutanoni na machozi. Ila miaka ilivyokwenda mkate ulizidi kunenepa na nyama ikazidi kuwa nyembamba, mpaka mtu akawa anakula sandwichi nzima ya Barrie asijue kama mlikuwa na kitu ndani. Maneno nayo yakageuka maana. Picha nzuri kupindukia waliiita “si mbaya”. Iliyoharibika waliiita “inavutia”. Neville, aliyekuwa si mbaya miaka yote hiyo hadi kabati la sebuleni likajaa vikombe, mwaka huu alikuwa anavutia kila mwezi.

Jioni hiyo mwamuzi wao wa kawaida alikuwa anaumwa mgongo, wakaazima mwingine kutoka Launceston. Alikuwa mama mfupi, nywele nyeupe, aitwaye Bi Varga, na hakuna aliyekumbuka kumweleza habari za sandwichi.

“Kichwa cha farasi kiko wapi?” aliuliza.

Watu wakatazama viatu vyao. Barrie akakohoa, akasema kwamba wao pale klabuni picha hiyo waliiona inavutia.

“Haivutii. Imekatwa,” akasema Bi Varga. “Nionyesheni nyingine za huyuhuyu.”

Ilikuwa zamu ya kupitia kazi za mwaka mzima, hivyo zilikuwapo. Ikaja harusi ya mpwa wao: bibi harusi mzima, bwana harusi nusu. Likaja gati asubuhi, na nguzo ya taa iliyokatwa kwa urefu kama mkate. Akaja mbwa wa kuchunga, kakaza macho kwa kondoo ambao hawakuwamo. Mwisho ikaja keki ya kuzaliwa kwa Glenys mwenyewe. Keki yote ilikuwamo, mishumaa yote ilikuwamo, na pembeni kushoto palikuwa na sikio moja na bega. Glenys, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, alilitazama sikio lake likiwa kubwa kama mlango. Nyumbani alikuwa ameiona kwenye kidirisha cha kamera tu, akacheka, akamwambia Neville kumbe ulikuwa unapiga keki.

Barrie alisema huo sasa ni mtindo wa mpiga picha, na wao wameuzoea.

“Mtindo mtu huuacha akitaka,” akajibu Bi Varga. “Huyu hauachi. Anajua mwanga, anajua wakati wa kubonyeza, mimi mwenyewe ningetamani mikono hiyo ya fundi. Lakini hatazami kushoto. Hata mara moja. Ningekuwa rafiki yake nisingemwambia ajifunze kupanga picha. Ningemuuliza, bwana, kule kushoto unaona nini?”

Sheria inamkataza mwenye picha kujibu. Neville alitabasamu huku akitazama mbele, kama mtu aliyesikia masengenyo ya mtu mwingine. Maji yalichemka yakamwagika, na Glenys hakuyasikia.

*

Njiani kurudi nyumbani Neville aliongea peke yake. Mama yule hajui kitu. Atakuwa na kinyongo na watu wa pwani. Halafu akahamia kwa lenzi: lenzi ndiyo yenye kasoro, inakula upande mmoja, naye kesho ataipigia simu duka la Launceston waipokee. Lenzi hiyo ilinunuliwa kwa gari dogo la Glenys, waliloliuza mwaka juzi kwa sababu, Neville alisema, watu wawili wana haja gani na magari mawili. Glenys alikubali siku ile. Sasa kila akitaka kwenda dukani huomba lifti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

“Nev,” alisema.

Neville alishtuka mpaka pikapu ikayumba. “Lo! Nilisahau kama upo.”

Glenys alikuwa amekaa kando yake, upande wa abiria, tangu watoke ukumbini. Aligeuza uso. Nje ya dirisha lake kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa gundi, kwa sababu mwezi uliopita pipa la taka la jirani, kwa maelezo ya Neville, lilikuwa limesogezwa. Kabla ya pipa ilikuwa nguzo ya geti lao wenyewe. Kabla ya nguzo hakukumbuka. Alijaribu kuyaweka pamoja, nguzo, pipa, farasi, bwana harusi, na kila alipokaribia kuyafunga yalimponyoka. Mtu asiyeona hugonga vitu, alijiambia, na Neville haoni vibaya. Jana tu alimwonyesha mwewe juu ya mlima ambaye yeye Glenys hakumwona mpaka alipovaa miwani. Basi ni nini? Uzee? Ujeuri? Au kweli lenzi?

Lakini lenzi haiendeshi pikapu.

Na Jumamosi Neville ndiye dereva. Klabu ilikuwa inakwenda kupiga picha kwenye mnara wa taa, kwa barabara ile nyembamba ya juu ya genge, na kama kawaida halmashauri ilikuwa imewapa basi dogo, na kama kawaida funguo zake alikuwa nazo Neville.

*

Duka la Launceston lilimjibu Neville kwamba lenzi ya namna hiyo haiwezi kula upande mmoja, labda mtu aifunike kwa mkono. Akakata simu akasema vijana wa siku hizi hawajui kazi. Alichukua gazeti, akasoma kidogo, akalitupa. Waandishi nao hawajui kazi, sentensi zinaanzia hewani, huwezi kujua nani kafanya nini. Glenys aliliokota gazeti akalisoma. Sentensi zote zilikuwa na vichwa vyao.

Alitembea hadi kwa Barrie. Alimkuta bustanini akikata mawaridi, akakaribishwa kiti, akauliza moja kwa moja, jambo ambalo lilimfanya Barrie aweke mkasi chini.

“Mlikuwa mnajua?”

“Kujua nini, mama?”

“Kwamba picha zote zimekatwa upande mmoja. Mwaka mzima.”

Barrie alisema Neville ni mpiga picha hodari, mwenye jicho la pekee. Kisha akasema huenda, kwa namna fulani, upande wa kushoto ungeweza kupewa nafasi kidogo ya kupumua. Kisha akasema ila mikono ya fundi, jamani, ile mikono.

“Barrie, nimekuja kuulizia mume wangu. Sandwichi kampe mwingine.”

Mwenyekiti alijikuna shingo. Alikuwa mtu mwema kabisa, na hilo ndilo lililomchosha Glenys. Mwishowe alisema kwamba wengine waliwahi kulizungumza, pembeni tu, kwenye chai. Wakaona si vizuri. Mtu kashinda vikombe vyote vile, utamwambiaje? Wakasema ni mtindo, na kwa kuwa wamesema ni mtindo ikawa vigumu tena kusema sio.

“Na kwenye basi?” Glenys aliuliza. “Safari ya mwisho mlipanda naye.”

“Oh, safari ilikuwa nzuri.” Barrie aliokota mkasi. “Watu siku hizi wanapenda kukaa upande wa kulia tu. Wanasema mandhari ni mazuri zaidi.”

“Kwenda mnara wa taa, kulia kuna mlima, Barrie. Bahari iko kushoto.”

Barrie alilitazama waridi alilolikata kana kwamba ndilo lililosema. Uso wake ulikuwa mwekundu. Glenys akamwambia basi ampigie Neville simu, amwambie Jumamosi mtu mwingine ataendesha. Barrie akasema angependa, Mungu ajua angependa, lakini neno kama hilo likitoka kwa mwenyekiti litaonekana adhabu, na baada ya yule mama wa Launceston litaonekana adhabu juu ya adhabu. “Wewe ndiye mkewe, Glen,” alisema. “Kwako atalipokea.”

Alirudi nyumbani na fungu la mawaridi ambalo hakuliomba. Njiani alikasirika, kisha akaona aibu, maana yeye mwenyewe alilala kitanda kimoja na mtu huyo mwaka mzima na aliliona sikio lake likining'inia pembeni mwa keki akacheka.

*

Alhamisi alipika mguu wa kondoo, akakusudia kusema wakati wa chakula. Alianza vizuri. Alimwambia Neville kwamba hajapata kumjua dereva mwangalifu kama yeye. Neville akainua uso. Akamwambia kwamba pengine, akiangalia, siku hizi upande wa abiria unamsumbua kidogo. Na akaona uso wa Neville unaanza kukunjamana, akaogopa, akaongeza haraka kwamba lakini hakuna mtu anayeijua barabara ya mnara kama yeye.

“Ni kweli hiyo,” Neville alisema, akafurahi, akaendelea kula. Alikuwa amekula mkate na nyama haikumgusa hata jino.

Glenys aliinamia sahani yake. Nimekuwa Barrie, alifikiri.

Neville akaweka uma chini akasema ameshiba, chakula kilikuwa kitamu ila nyama ilikuwa kidogo. Glenys alitazama sahani ya mumewe. Nusu ya kulia ilikuwa nyeupe, imepanguswa hadi mchuzi. Nusu ya kushoto ilikuwa na vipande viwili vya nyama, viazi, na maboga yote. Miezi sasa Neville alikuwa anaacha maboga, na Glenys, aliyezoea kuyaweka upande huo tangu alipoolewa, alidhani ameyachoka. Alikuwa karibu kuacha kuyapika.

Alinyoosha mkono akaishika sahani, akaizungusha polepole mpaka kushoto kukawa kulia.

Neville aliitazama. “Ahsante, mpenzi,” alisema, akashika uma. “Umeniongezea.”

Akala yote, na maboga pia. Glenys alikaa mkabala naye, mikono chini ya meza, akiwa amejua na bado haelewi, na alimwonea huruma. Alitaka kumwambia pale pale. Lakini Neville alikuwa anatafuna kwa raha, na mtu akitafuna kwa raha baada ya juma baya kama lile, nani ana moyo wa kumkatisha? Ijumaa nayo ikapita hivyohivyo. Mchana alimpigia daktari simu akapewa nafasi ya Jumatatu, na simu hiyo aliipiga kutoka chumba cha kufulia, kwa sauti ya chini, kama mwizi.

*

Jumamosi asubuhi kulikuwa na jua na upepo mdogo. Basi la halmashauri lilikuwa uani, kando ya tangi la maji. Neville alikuwa amevaa fulana yake yenye mifuko mingi na kofia ya klabu, akifuta kioo cha mbele huku akipiga mluzi. Watu walikuwa wanangoja ukumbini, na sahani zao bila shaka.

Glenys alitoka na kikombe cha chai. Alimwendea kwa upande wa kulia, kwa makusudi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakumshtua.

“Nev, wewe ni dereva mzuri sana,” alianza, kisha akasita.

“Haya,” Neville alisema bila kugeuka. “Huo ni mkate. Nyama iko wapi?”

“Huoni kushoto.”

Kitambaa kilisimama juu ya kioo.

“Sio lenzi,” Glenys alisema. “Sio pipa. Yule mama alisema kweli. Unaacha nusu ya chakula, unaacha nusu ya gazeti, na mimi nikikaa pembeni yako kwenye gari unasahau kama nipo. Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Lakini leo huendeshi.”

Neville alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. Akauliza kama na yeye sasa ni mwamuzi kutoka Launceston. Akasema ameendesha malori ya magogo maisha yake yote katika milima hii, na kama haoni, mwewe yule nani alimwona? Glenys akasema mwewe alikuwa kulia. Neville akafungua mdomo, akaufunga. Akasema huu ni upuuzi, na atauthibitisha sasa hivi, kisha wataondoka, maana watu wanangoja.

“Nenda kule kwenye kamba ya nguo,” alisema. “Kushoto. Mimi nasimama hapa, naangalia tangi, sigeuki. Uje polepole. Nikikuona tu nitasema. Halafu utaniomba radhi.”

Alisimama wima, mikono nyuma, macho kwenye tangi, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Glenys alikwenda hadi kwenye kamba ya nguo na kikombe chake. Alitamani kwa moyo wote aaibike yeye, aombe radhi, apande basi na sahani yake akale skonzi mnarani. Akaanza kutembea. Aliyapita mashuka yaliyoanikwa, akaupita mlimau, akalipita gurudumu bovu la kukunjia mpira wa maji. Majani yalikuwa na umande, viatu vyake havikutoa sauti. Uso wa Neville ulikuwa umetulia, unangoja. Alizidi kusogea, na ule uso haukubadilika, mpaka akaweza kuona sehemu ndogo ya shavu ambayo wembe wake ulikuwa umeiruka, kushoto, ndevu za siku nyingi zimeota kama kipande cha brashi.

Akasimama.

“Haya,” Neville aliita kwa sauti kubwa, sauti ya kumfikia mtu aliye mbali. “Anza basi, mama. Tunachelewa.”

“Nimeshafika, Nev,” alisema Glenys, taratibu, sikioni mwake.

Neville hakushtuka mara hii. Aligeuza kichwa polepole, zaidi na zaidi, na mkewe akatokea hatua moja kutoka begani kwake, kikombe mkononi, chai haijamwagika.

“Vitu vinatokea tu,” alisema baadaye, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Havipo, halafu vipo. Nilidhani ni akili, Glen. Nilidhani inaniondoka kama ya baba, ndiyo maana sikusema.”

“Mimi nilidhani huyataki maboga.”

Alimtazama, hakuelewa, na Glenys hakumweleza. Mbali, simu ilikuwa ikilia ndani ya nyumba, bila shaka Barrie, akitaka kujua kwa maneno mazuri kama wamekwama. Neville alikuwa amerudisha uso kwenye tangi. Alisimama vile, kisha akaingiza mkono kwenye mmoja wa ile mifuko yake mingi, akatoa funguo za basi, akamnyooshea mkewe.

Alizinyoosha kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Glenys akaweka kikombe chini, akazunguka nyuma yake, akaenda kuzipokea.